Gasketi za Ngamiani

Mpaka wa Horohoro ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 1983, watu wa Tanga walivuka kwenda Mombasa kutafuta vitu walivyovikosa miaka yote ile: sabuni, dawa ya meno, betri za redio. Mjomba wangu alikwenda kutafuta gasketi. Alishuka kwenye basi la jioni na bahasha pana ya kahawia ameikumbatia kifuani, na nilipotaka kumpokea akakataa, akasema nitaikunja.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na mama alinikabidhi kwa kaka yake ili nisizurure. Gereji ilikuwa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zenye namba badala ya majina: uwanja wa mchanga uliokuwa mweusi kwa oili, mwembe mmoja wa kufungia mnyororo wa kunyanyulia injini, na banda la mabati ambalo adhuhuri hukuweza kukaa ndani. Kazi nyingi ilitoka mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe ulikuwa umeshaporomoka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000, na kufikia miaka yangu ya gereji kiasi hicho kilikuwa hadithi ya wazee. Lakini mashamba yaliyobaki yalikuwa bado na Land Rover zake, Series II na Series III, nyingi zikiwa zile ndefu tulizoziita mia na tisa. Gari jipya lilihitaji fedha za kigeni na kibali juu yake, kwa hiyo injini ileile ilifunguliwa na kufungwa upya, ikafunguliwa tena, mara nyingi kuliko alivyowahi kuwaza aliyeitengeneza.

Injini ya petroli ya Land Rover hizo ni ya lita mbili na robo, 2,286 cc kwa hesabu kamili, silinda nne, bloku na hedi vyote chuma cha kutupwa. Ilianza kufungwa kwenye Land Rover mwaka 1958, na hadi 1980 krenki yake ilikaa juu ya beringi kuu tatu tu. Baadaye ndipo zikawa tano. Haina mbio wala makuu. Inavumilia oili mbaya na dereva mbaya. Ila inavuja. Kulikuwa na utani kwamba Land Rover isiyodondosha oili imeishiwa oili, na mjomba aliuchukia kweli, kwa sababu madereva waliugeuza kuwa kibali cha kutoangalia chini ya gari.

Kabla ya Mombasa, gasketi tulikata wenyewe. Karatasi zilitoka kwenye majalada ya ofisi, yale ya manila magumu, na za unene zaidi zilitoka kwenye maboksi. Mjomba hakuwahi kuchora umbo kwa penseli. Aliulaza uso wa kifuniko juu, akatandaza karatasi, akaishika kwa kidole gumba, kisha akagonga taratibu pembeni kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo. Ukingo wa chuma ndio uliokata. Kwa matundu ya bolti alitumia gololi iliyotoka kwenye beringi iliyokufa: anaiweka juu ya tundu, anaigonga mara moja, kipande cha duara kinadondoka ndani na tundu limekaa pale linapotakiwa. Kazi hiyo nilikabidhiwa siku za mwanzo, na naamini mpaka leo ndiyo njia nzuri kuliko mkasi wowote, mradi chuma ni kigumu. Kwenye kifuniko cha aluminiamu ukigonga hivyo unaharibu ukingo, na hapo ndipo alipotoa mkasi.

Gasketi za gome zilikuwa shida zaidi. Nasema yale magome laini ya kahawia yanayotengenezewa vizibo vya chupa, mti wake unaota Ureno na nchi jirani zake. Hayo hukuyapata kwenye jalada la ofisi. Yalipopatikana yalikuwa yamekaa dukani miaka, yamekauka na kusinyaa, matundu hayakutani tena na bolti. Dawa yake ni maji: unayaloweka, yanavimba, yanarudi kwenye kipimo. Fundi asiyejua hilo huivuta gasketi kwa nguvu ifike, inakatika pembeni, halafu anamlaani muuza duka.

Alichonifundisha kwanza kilikuwa swali. Nilikuwa nimeshika karatasi niliyokata kwa ajili ya kifuniko cha ubavuni, pale penye tapeti.

“Bwana mdogo, hapa panapita nini?”

“Oili, mjomba.”

“Ina presha?”

Nikafikiri. “Haina. Inarukaruka tu.”

“Basi karatasi inatosha. Na gundi?”

Nikasema ndiyo. Akacheka, akaniambia nipake grisi kidogo upande mmoja ili karatasi isiteleze wakati wa kufunga, na upande wa pili niuache mkavu, kwa sababu kifuniko kile kitafunguliwa tena na aliyekifungua asipate kazi ya kukwangua nusu siku.

Swali hilo aliliuliza kila mahali. Palipopita maji, alitaka karatasi na ute mwembamba wa kuizuia isiloe. Palipopita petroli, hakutaka kitu chochote cha mpira wala cha kunata. Alitumia shelaki, ileile ya maseremala, iliyoyeyushwa kwa spiriti, kwa kuwa petroli haiiyeyushi. Tulinunua kwa seremala jirani kwa chupa ya dawa ya kikohozi. Na kwenye pampu ya petroli alinikataza kabisa kuongeza unene wa gasketi kati ya pampu na injini. Mkono wa pampu unasukumwa na kamshafti. Ukiweka karatasi mbili badala ya moja umeisogeza pampu nje, mkono unasukumwa kidogo, gari linakohoa mlimani na dereva anasema karabureta imeharibika. Palipopita moto hakukuwa na mjadala wa karatasi.

Lakini kabla ya gasketi yoyote kulikuwa na nyuso. Hapa ndipo siku zetu nyingi ziliisha, na hapa ndipo wateja walipomwona mjomba mzembe. Mtu anakuja Jumatatu anaona vijana wawili wanasugua kifuniko juu ya kioo kilichobandikwa msasa, anakuja Jumatano anawaona bado wanasugua. Vile vifuniko vya bati, na sampu, vilikuwa vimekazwa na mafundi wa miaka iliyopita mpaka bati limebonyea kuzunguka kila tundu la bolti. Ukiweka gasketi mpya hapo inabanwa kwenye bolti na kuachwa wazi katikati ya bolti na bolti, na oili hupita katikati hapo. Tuliligeuza bati, tukaliweka juu ya kipande cha reli, tukagonga kila tundu hadi liwe sawa na wenzake. Hedi tuliipima kwa rula ya chuma na fila geji: urefu, upana, pembe kwa pembe. Iliyopinda ilikwenda kwa mkerezaji kupigwa feisi. Nimeona injini tatu nne hivi zilizoletwa zikiwa zimeunguza gasketi ya hedi mara kwa mara, kila mara ikabadilishwa gasketi tu, na hakuna aliyewahi kuweka rula juu ya chuma.

Kitu kingine alichokiangalia kabla ya kulaumu gasketi ni kipumulio. Injini inayofanya kazi hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni, na gesi hiyo lazima ipate pa kutokea. Kwenye Land Rover hizo, kifuniko cha kujazia oili kina wavu wa nyaya ndani. Vumbi la mashambani na oili vinauziba, presha inajaa ndani ya injini, na oili inasukumwa nje kupitia kila ungio. Dereva analeta gari akisema gasketi zote zimekufa kwa pamoja. Mjomba analoweka kifuniko kwenye petroli, anakipuliza, anamrudishia. Kuna wateja waliokasirika kwa kutotozwa fedha ya maana, wakaona hawakutengenezewa kitu.

Sasa niseme juu ya gasketi ya hedi, maana ndiyo iliyokuwa kwenye ile bahasha na ndiyo iliyomfanya mjomba apande basi. Ile ya asili ilikuwa sambusa: shaba nyekundu juu na chini, katikati asbestosi. Shaba ni laini, inajaza mikwaruzo midogo. Asbestosi inastahimili moto. Tuliiweka juu ya bloku iliyokaushwa, matundu ya bolti yamepulizwa ndani hadi yasibaki na tone. Hilo la matundu alilisimamia mwenyewe, kwani oili iliyobaki chini ya tundu lisilo na upande wa pili haina pa kwenda bolti inapoingia, na nguvu hiyo inaweza kupasua chuma cha bloku. Bolti zilikazwa kuanzia katikati kuelekea nje, kwa awamu, hadi pauni-futi 65. Spana ya toki hatukuwa nayo. Aliiazima kwa rafiki yake wa karakana ya reli, kwa hiyo hedi zilifungwa Jumapili, siku ambayo spana hiyo haikutakiwa kazini.

Baada ya hapo injini iliwashwa, ikapashwa moto, ikaachwa ipoe, na bolti zikakazwa upya, kwa sababu sambusa ile hulala kidogo baada ya moto wa kwanza. Na ukikaza hedi upya, nafasi za tapeti zimebadilika; zilipimwa tena, sehemu kumi kati ya elfu moja za inchi kwa kila valvu, ya kuingizia na ya kutolea. Mafundi wengi waliliruka hilo. Gari lilikuwa limeshawaka, mwenyewe amesimama na fedha mkononi, nani angemwambia asubiri hadi kesho?

Nikikumbuka siku hizo nazikumbuka pia gasketi kuukuu tulivyozikwangua kikavu, vumbi la kijivu likapulizwa kwa mdomo huku mtoto wa jirani amekaa karibu akitazama. Uingereza, nchi ilikotoka gari lenyewe, ilipiga marufuku asbestosi nyeupe mwaka 1999, na kwa sababu nzuri: vumbi lake likikaa kwenye mapafu huleta saratani miongo kadhaa baadaye. Kuna watu wanaosifia gasketi za zamani kana kwamba kila kilichotoka kiwandani zamani kilikuwa bora. Gasketi nyingi za hedi za leo hazina asbestosi na zinafanya kazi ileile. Mwenye kufungua injini ambayo haijaguswa tangu miaka ya sabini ailoweshe gasketi kwanza, asiikwangue kavu, asipulize.

Na si kila kitu cha asili kilikuwa cha akili. Nyuma ya injini ile, kwenye kofia ya beringi kuu ya mwisho, pana nafasi mbili pembeni ambazo huzibwa na vipande viwili vya gome vyenye umbo la herufi T. Vinaingizwa pamoja na kofia, vikavu havitelezi, vyenye oili nyingi vinapinda na kukatika, na vikishaingia unavikata vibaki vimejitokeza chini kidogo ya milimita moja ili sampu ivibane. Ukivikata sawa na chuma, panavuja. Ukiviacha virefu mno, sampu haikai. Pembeni yake pana oili sili ya krenki iliyokatwa mahali pamoja ili iweze kuvishwa, inayobanwa na springi nyembamba na nusu mbili za chuma. Nimemwona mjomba, mtu ambaye alifunga giaboksi huku akisikiliza mpira redioni, akizima redio alipofika hapo.

Hapo ndipo alipotumia gundi bila kuulizwa. Mhandisi wa meli iliyotia nanga Tanga aliwahi kumpa, kwa malipo ya kazi ndogo, bomba la uji wa buluu usioganda. Baadaye sana nilikuja kuujua kwa jina: Hylomar, uliotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Rolls-Royce kwa ajili ya injini za ndege. Unabaki laini miaka yote, kwa hiyo chuma kinachotanuka na kusinyaa hakiuvunji, na siku ya kufungua unaachia bila ugomvi. Mjomba aliweka kiasi cha punje ya mchele kwenye kila pembe ambapo gome, kofia na sampu vinakutana. Bomba lile lilikaa nasi muda mrefu kuliko baadhi ya wanagenzi.

Chini ya nyumba ya flaiwili, nyuma kabisa, pana tundu dogo. Limeachwa makusudi: oili ikipenya nyuma ya krenki idondoke chini, isiingie kwenye klachi. Lina plagi yake ya kufungwa wakati wa kuvuka mto tu. Dereva mmoja wa shamba alichoka kulaumiwa kwa madoa kwenye sakafu ya ofisi ya meneja, akachonga kijiti cha mkonge mkavu, akakigongomea pale. Madoa yakaisha. Baada ya muda gari likashindwa kupanda kutoka Mombo kwenda Soni, injini inanguruma na magurudumu hayaitiki. Tulipokichomoa kile kijiti ilitoka oili ya kutosha kujaza kopo, na sahani ya klachi ilikuwa imeloa. Mjomba alikifunga kijiti kwa uzi, akakitundika kwenye mlango wa banda, akawaonyesha madereva wengine.

Mwaka 1983 ulikuwa pia mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, kwa hiyo mjomba alitunza risiti ya kila kitu hadi ya washa za shaba. Washa zenyewe hatukuzitupa. Shaba iliyobanwa huwa ngumu. Ukiipasha mpaka iwe nyekundu na kuizamisha kwenye maji inarudi kuwa laini, kinyume cha feleji. Plagi ya sampu ilifungwa na washa ileile miaka mingi.

Halafu mambo yakafunguka. Baada ya 1986 biashara iliachiwa, Rais Mwinyi akaitwa Mzee Ruksa, na madukani zikaja bidhaa ambazo hatukuzijua majina. Mojawapo ilikuwa silikoni nyekundu ndani ya bomba, yenye harufu kali ya siki. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati inapoganda, na inaganda kwa unyevu wa hewa, kitu ambacho Tanga kipo tele. Vijana wa mitaa ya pili waliipokea kwa furaha. Hapakuwa tena na haja ya kukata karatasi, kuloweka magome wala kusugua chuma kwenye kioo. Unaminya, unafunga, unalipwa. Kazi ya siku tatu ikawa ya alasiri moja, na wateja wakahama.

Mimi sina chuki na silikoni. Mahali pa kona, pale karatasi mbili zinapokutana, tone moja linafaa kuliko chochote tulichokuwa nacho zamani. Magari mengi ya siku hizi yametengenezwa tangu kiwandani yatumie hiyo kwenye sampu. Lakini ilikuja bila swali la mjomba. Waliipaka kwenye pampu ya petroli, ikavimba na kumeguka. Waliipaka juu ya gasketi ya karatasi, karatasi ikateleza na kuchomoza nje. Na waliipaka nyingi, kwa kuwa nyingi ilionekana ndiyo salama. Silikoni inayochomoza nje ya sampu unaiona na kuifuta kwa kidole. Iliyochomoza ndani huioni, na ipo kiasi hichohicho.

Ililetwa injini moja iliyofungwa upya mahali pengine, haijamaliza hata msimu wa mvua, inagonga. Mjomba alishusha sampu. Kichujio cha pampu ya oili kilikuwa kimezibwa na nyuzi nyekundu za mpira. Alizitoa moja moja kwa koleo, akazipanga juu ya gazeti, mwenye gari amesimama pembeni hasemi kitu. Krenki ilikuwa imekwaruzwa beringi zote tatu. Ilikwenda kukerezwa, na bei yake ilikuwa kubwa kuliko seti ya gasketi kutoka Mombasa, nauli ya basi ya kwenda na kurudi, na ujira wetu wa kusugua chuma, vyote pamoja.

Gereji ilifungwa katika miaka ya tisini, magari ya Kijapani yaliyotumika yalipojaa na mashamba yakaacha kulipia Land Rover. Leo hali imegeuka tena. Watu wanazitafuta zile mia na tisa, wanazipaka rangi, wanazipigia picha, na seti za gasketi zinaagizwa kwa simu. Vijana huniuliza wanunue ya nani. Nawajibu kwamba nimeona seti za bei ndogo ambazo gasketi ya hedi yake imeziba nusu ya njia ya maji, na magome yake yanamomonyoka mkononi, na nimeona nyingine zisizo ghali zikakaa vizuri kabisa. Jina kwenye boksi halitoshi. Kwa hiyo ukishusha hedi, usitupe gasketi kuukuu siku hiyohiyo. Iloweshe maji, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, na seti mpya ikifika ilaze mpya juu ya bloku na ulinganishe kila tundu na ile ya zamani, la maji, la oili na la bolti, kabla hujamlipa muuzaji fedha iliyobaki.